Ngazi ya Kukataa kwa Kiingereza

Kopo lilikuwa darini, nyuma ya mitungi miwili iliyopasuka, mahali ambapo Ama aliweka vitu asivyotaka kuvitupa wala kuviona. Ni kopo la bati la mafuta ya kupikia, kubwa kiasi cha kuingia kichwa cha mtoto, kutu imelila ukingoni. Nilipobandua kifuniko kwa mpini wa kijiko, harufu ilitangulia kutoka: moshi wa miaka mingi, samadi kavu, na ile harufu tamu kidogo ya karatasi za shule zilizopata unyevu zikakauka. Tulikuwa tumekuja kuondoa vitu vyake baada ya matanga. Ndugu zangu waliendelea kupanga vyombo. Mimi niliketi sakafuni na kopo mapajani, kwa sababu nilijua kilichomo. Yalikuwa majibu yangu ya Kiingereza, karatasi ishirini na moja, na hakuna kalamu ya mwalimu iliyowahi kuyagusa.

Ama ndivyo sisi Wairaqw tunavyomwita bibi. Huyu alikuwa mama mzazi wa baba yangu, mjane, mwembamba, mwenye kuongea kidogo. Ili ieleweke kwa nini majibu ya mtoto wa darasa la saba yalikaa katika kopo lake badala ya kwenda kwa mwalimu, lazima nianze na ngazi.

Mwalimu Kaijage alitoka Bukoba. Alifika shuleni kwetu, upande wa Endamarariek, akiwa na baiskeli, koti moja la mvua, na kamusi iliyofungwa kwa utepe wa mpira wa tairi. Kiswahili chake kilitushinda sote. Kiiraqw hakukijua, na tulimcheka kila alipojaribu kutusalimia. Siku moja alichora ubaoni ngazi yenye vidato vitano na kusema kwamba leo tutajifunza namna ya kumkatalia mtu.

Kukataa hakukuwa somo. Kukataa kulikuwa kosa.

Kidato cha juu kabisa aliandika *You may be right, but*, akaeleza kwamba hapo unamwambia mwenzako huenda yuko sahihi, kisha unaleta lakini yako. Cha pili, *I see what you mean, but*, ninaona unachotaka kusema, lakini. Cha tatu, *I am afraid I do not agree*, naogopa sikubali. Cha nne ni hayo hayo bila hofu: *I do not agree*, sikubali. Kidato cha chini kabisa, karibu na ardhi, aliandika *You are wrong*. Umekosea.

"Kupanda na kushuka ngazi hii," alisema, "Mwingereza anaita *argue*. Mnabishana, halafu mnakula pamoja." Kisha chini ya ngazi alichora shimo, akalipaka kwa ubavu wa chaki mpaka vumbi likamwingia puani. "Humu ndani ni *quarrel*, ugomvi. Humu hakuna vidato. Mtu anaanguka tu."

Paulina, jirani yangu wa dawati, alinyosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo hao Waingereza wakitaka kukataa wanaanza kwa kukubali?"

"Mara nyingi."

"Basi ni waongo."

"Ni wapole, Paulina."

"Baba yangu ukimwambia huenda uko sahihi, anachukua fimbo yake anaondoka. Kwake umeshashindwa. Hiyo lakini yako utawaambia mbuzi."

Hata Mwalimu Kaijage alicheka. Kisha akatupangia kila mmoja kidato chake cha kufanyia mazoezi. Mimi nilipewa cha chini. Alisimama mbele yangu, mikono nyuma, akasema kwamba jua linachomoza kusini, huko Mbulu. Nilitakiwa kumjibu *You are wrong*. Nilijua linachomoza wapi. Niliyajua na maneno. Lakini aliyekuwa mbele yangu alikuwa mtu mzima, mwalimu, mgeni, na mdomo wangu ulikataa kufunguka. Darasa zima lilinisubiri. Nilitazama vidole vya miguu yangu mpaka machozi yakadondoka juu yake.

"Kaa, binti," alisema. "Utalisema siku moja."

Nyumbani kwetu hakukuwa na ngazi. Mkubwa akisema, mdogo aliitikia. Kama hakuitikia, alinyamaza. Na kama kunyamaza kwake kulikuwa kurefu, aliulizwa kama anaumwa. Kwa hiyo nilijiaminisha jambo ambalo leo linanichekesha: kwamba Kiingereza kilitengenezwa makusudi kwa ajili ya watoto, ili wapate mahali pa kukatalia. Niliinakili ngazi ile ndani ya jalada la daftari langu, shimo na vyote.

Mdogo wangu alikufa masika ya mwaka ule. Alikuwa hajaanza kutambaa. Homa ilimshika siku tatu, na siku ya nne ilionekana imempungua, Mama akaenda kutafuta kuni. Mimi nilimbeba mgongoni kwa kanga nikawa napukuchua maharage uani. Nilihisi joto lake, kisha nikahisi uzito, kisha nikamwambia Ama kwamba mtoto amelala vizuri leo. Ama alikuja kumtazama. Alifungua fundo la kanga kwa meno.

Sitaeleza mazishi. Nitaeleza yaliyofuata, maana hayo ndiyo yaliyonifunga.

Wazee wa bonde letu walikuwa bado wanashika metimani. Kifo cha namna ile kikitokea, nyumba nzima hutengwa. Watu wake hawaendi kwa wengine, wengine hawaji kwao, mpaka mavuno yapite, mvua za vuli zianze, na pombe ya kusafisha nyumba ipikwe. Wengi walikuwa wameshaacha. Baba mwenyewe alikuwa amebatizwa, na katekista alipita akasimama mbali akamwambia kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Baba aliitikia kwa kichwa. Kisha akayatazama mahindi ya majirani, yaliyokuwa yamefika magotini, nami nikaona anachokiona: mahindi yale yakinyauka, watu wote watageuza nyuso kuelekea kwetu.

Mipaka yangu ikawa minne. Juu, mfereji wa maji ya mvua uliotenganisha shamba letu na njia ya shule. Kushoto, ua wa minyaa. Kulia, korongo lenye udongo mwekundu, ambamo Baba alichimba kisima chetu kidogo, kwa kuwa chemchemi ya wote ilikuwa marufuku kwetu. Chini, jiwe kubwa bapa ambalo zamani tulianikia mtama. Nilizunguka mipaka hiyo mara nyingi kiasi kwamba nilijua idadi ya hatua za kila upande. Mbwa wetu, ambaye hakuelewa habari za mipaka, alifungwa kamba kwenye nguzo ya zizi na alilia kila alipowaona mbwa wenzake wakipita njiani. Moto haukuruhusiwa kuzimika, kwa sababu hakuna jirani ambaye angetupa kaa la kuwashia. Kazi ya kuulinda nilipewa mimi. Nilinuka moshi mpaka kwenye nyusi.

Majirani hawakututupa. Walileta unga, maharage na chumvi, wakaviacha juu ya jiwe bapa na kuondoka kabla hatujafika. Lakini kilichoingia kwetu hakikutoka. Vikapu vyao havikuweza kurudi. Vilirundikana ukutani, kimoja ndani ya kingine, na kila niliporudi kutoka kisimani niliviona vimeongezeka. Nilianza kuvichukia vikapu vile. Vilifanana na sisi.

Hakuna aliyeniambia kwamba kosa ni langu. Hakuna aliyehitaji kuniambia. Mtoto alikuwa mgongoni kwangu.

Wiki ya tatu Mwalimu Kaijage alifika kwenye mfereji na baiskeli yake. Baba alimweleza kutoka mbali, akipaza sauti, kwamba asivuke.

"Sivuki, mzee," alijibu. "Mimi si wa hapa, lakini nimeambiwa. Natoka kwa watu wenye mambo yao pia. Nimemfuata mwanafunzi wangu. Mtihani wa kumaliza darasa la saba ni baada ya mavuno. Mtakuwa mmetoka?"

Mwalimu alihesabu miezi kwa vidole vyake, akafika mvua za vuli, akarudi nyuma mpaka kwenye mtihani. Niliona vidole viwili vimebaki vimesimama. Miezi miwili. Mtihani ungefanyika miezi miwili kabla hatujatoka, na hakukuwa na wa pili. Aliyekosa alibaki nyumbani, akapika, akaolewa.

Alichofanya ni kuleta kopo na kulirusha upande wetu, libaki huko. Kila Ijumaa alirusha ng'ambo ya mfereji karatasi ya maswali iliyofungwa jiwe, nami niliiweka ndani yake. Nilijibu kwa penseli, vizuri kadiri nilivyoweza, kisha nilibaki na majibu mkononi. Hayakuweza kuvuka. Mwalimu alikuna kichwa, akapata ujanja.

"Sauti inavuka?" alimuuliza Ama, ambaye alikuwa ameketi upande wetu akichambua mboga.

Nilimtafsiria. Ama alifikiri sana. "Sauti haishikiki," alisema. "Ivuke."

Basi nilisoma majibu yangu kwa kupiga kelele, na Mwalimu aliyasahihisha kwa kupiga kelele, huku wapita njia wakisimama kutushangaa. "Soma la sita tena!" "*I do not agree with you!*" "Nani hakubali? Sikusikii, binti!" "*I do not agree!*" Nilikuwa sijawahi kupaza sauti mbele ya watu wazima. Sasa nilipaza kila wiki, kwa lugha ambayo hakuna mtu wa bonde aliyeielewa, na wote walidhani ninasali.

Siku moja Paulina alikuja naye. Nilifurahi kiasi kwamba nilisahau nilipo, nikaweka mguu mmoja ndani ya mfereji. Paulina alirudi nyuma. Hakukusudia, niliuona uso wake ukishangazwa na miguu yake. Lakini alirudi nyuma, kisha akageuka akakimbia, madaftari yake yakipigapiga kwenye mbavu. Niliutoa mguu wangu. Tangu hapo mfereji ulikuwa mpana zaidi.

Kila Jumatatu asubuhi walikuja wazee watatu, na aliyewaongoza alikuwa Mzee Tluway, mwenye blanketi la kijivu na kikohozi kilichomtangulia njiani. Walisimama ng'ambo ya mfereji wameegemea fimbo zao. Ama alikwenda akaketi chini upande wetu, miguu ameikunja pembeni. Mimi nilikuwa kwenye moto wangu, mbali, nikiwaona bila kuwasikia. Niliona wazee wanazungumza na Ama anainamisha kichwa. Kila Jumatatu. Baba hakuitwa, Mama hakuwa akitoka ndani kwa siku nyingi. Alikuwa Ama peke yake. Nikapata maelezo yangu: Ama ndiye mlinzi wetu. Wazee wanakuja kuhakikisha hatujatoka, naye anawaambia msiwe na wasiwasi, wote wapo.

Nilimpeleleza ili nipate ushahidi, na ushahidi ukapatikana kwa wingi, kama kawaida kwa anayeutafuta. Alinikataza kukaribia mfereji siku zisizo za Mwalimu. Alihesabu kuku kila jioni. Alipoulizwa na Baba kuhusu mtihani wangu, alisema, "Mambo hayo yana wenyewe."

Siku hiyo niliposikia hivyo, kitu kilikatika. Ilikuwa mchana, tulikuwa jikoni, yeye akikoroga loshoro, mahindi na maziwa mgando. Nilisimama. Nilipitia vidato vyote vya ngazi kichwani kutoka juu kwenda chini, wala sikusimama mpaka kile cha mwisho.

"*You are wrong!*" nilimwambia. "*You are wrong, you are wrong!*"

Mwiko ulisimama ndani ya chungu. Ama aliniangalia. Hakukasirika, alinikagua usoni kama anavyokagua ndama aliyekataa kunyonya.

"Hicho ndicho cha shule?"

"Ndiyo, Ama."

"Maana yake nini, dasi?" Dasi ni msichana, ndivyo alivyoniita siku zote.

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, nikaiacha. "Maana yake," nilisema, "ni asante."

"Asante," alirudia. Akakoroga mara mbili. "Yu a rongi. Hivyo?"

"Hivyo."

Ijumaa iliyofuata Mwalimu aliporusha karatasi, Ama aliinuka, akajifuta mikono, akasogea mpaka ukingoni mwa mfereji. Nilijua kitakachotokea na sikuweza kukizuia. Alimwinamia kidogo Mwalimu, mtu aliyekuwa anakuja kwa baiskeli kila wiki kwa ajili ya mjukuu wake, akasema kwa sauti wazi, "Yu a rongi, mwalimu."

Mwalimu Kaijage alimtazama. Kisha akanitazama mimi. Alinitazama muda ule mwalimu anaoutumia kuhesabu mambo, na nikajua amenijua. Nilitamani korongo linimeze. Alivua kofia yake.

"*You may be right*, Bibi," alijibu kwa upole kabisa. "*You may be right.*"

Ama aliridhika. Njia nzima ya kurudi jikoni nilimsikia akiyajaribu mdomoni yale majibu ya Mwalimu, taratibu, kama anaonja chumvi.

Baada ya hapo alilitumia neno langu kila mahali palipohitaji shukrani. Majirani walipoacha unga juu ya jiwe, aliwapungia mkono akiita, "Yu a rongi!" Nao walimpungia, wakicheka, bibi amejifunza Kizungu kizuizini. Lakini lililonichoma ni la Jumatatu. Nilijisogeza mpaka nyuma ya zizi ili nisikie Ama anachozungumza na wazee. Mzee Tluway alikuwa anamaliza kusema kwamba jambo ni lile lile, nyumba itakaa hadi vuli, hasa msichana. Alilirudia: hasa msichana.

Na Ama, ameketi chini, akamwinulia uso. "Yu a rongi, Tluway," alisema.

"Na wewe, mama," alijibu mzee, akikohoa. "Na wewe pia."

Nilirudi kwenye moto. Nilikaa nikiutazama mpaka macho yakakauka. Bibi yangu alikuwa ameambiwa nibaki kifungoni, naye ameshukuru. Kwa neno nililompa mimi. Nadhani sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yeye siku zile za Juni na Julai, asubuhi zenye ukungu mzito unaoshuka kutoka misitu ya ukingo wa kreta iliyo juu ya bonde letu, wakati hata mfereji ulikuwa hauonekani na dunia nzima iliishia kwenye nguzo ya mbwa. Nilipika naye, nikalala kitanda kimoja naye, nikamsugua mgongo kwa mafuta. Sikumpa neno lisilo la lazima. Kunyamaza kwangu kukawa kurefu, na hakuniuliza kama ninaumwa.

Wiki moja kabla ya mtihani Baba aliniita zizini. Aliongea huku anamkagua ng'ombe kwato, ili asinitazame.

"Wazee wamesema utakwenda."

Nilidhani sijasikia.

"Utapita korongoni, si njiani. Hutamsalimia mtu, wala hutaitikia. Utakaa nje, dirishani, meza yako utaibeba mwenyewe na hutaiacha shuleni. Karatasi ataipokea msimamizi, yeye ni mgeni, hahusiki na mambo yetu. Ukimaliza, urudi hapa hapa."

"Wamekubali vipi, Baba?"

"Ama yako amezungumza nao."

Sikuuliza zaidi. Nilidhani hatimaye amewaomba baada ya mimi kumnunia. Nilijipa ushindi ule wote.

Nilifanya mtihani wangu chini ya dirisha, juu ya meza aliyoigonga Baba kwa mbao za kitanda cha mdogo wangu. Upepo ulipeperusha vumbi juu ya karatasi, nami nililifuta kwa kiwiko. Ndani niliona visogo vya wenzangu. Paulina aligeuka mara moja tu, akainua penseli yake kidogo kutoka mezani, ndiyo salamu pekee isiyokatazwa. Msimamizi, mwanamume mnene aliyetoka mbali na asiyejua chochote, alitoka nje kuchukua karatasi yangu na kusema, "Mbona umewekwa nje, binti, unaumwa?" Nilikuwa nimeapa kutojibu mtu. Nilitikisa kichwa. Akaipokea karatasi mkononi mwangu, akaiweka juu ya za wenzangu, ikatoweka katikati yao. Hicho kilikuwa kitu cha kwanza kutoka mikononi mwa watu wa nyumba yetu tangu masika.

Mvua za vuli zilianza. Pombe ilipikwa, wazee wakavuka mfereji, nyumba ikasafishwa. Mbwa alifunguliwa, alikimbia hadi chemchemi, akarudi, akaenda tena, kama asiyeamini. Vikapu vilirudi kwa wenyewe. Mama alikwenda kwa dada yake na kulia huko kwa siku mbili. Ama alibaki ndani ya ile mipaka minne, katika kibanda kidogo Baba alichomjengea kando ya korongo, na moto wake mwenyewe, asikaribiwe na mtu. Niliambiwa kwamba mzee wa umri wake hukaa zaidi. Nilikubali. Matokeo yalikuwa yametoka, nilikuwa nimechaguliwa, nilikuwa nashonewa sketi. Mtoto anayeondoka haulizi sana kuhusu wanaobaki.

Nilirudi likizo ya katikati ya mwaka, kutoka shule ya bweni ambako tulibishana kwa Kiingereza kila Alhamisi, nikiwa nimepanda na kushuka ngazi ile mpaka nimeizoea. Ama alikuwa bado hajatoka. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa mfereji, mahali pale pale, akichambua mboga, na mimi nilikuwa nimesimama ng'ambo, mahali pa wazee. Niliinua mguu nivuke.

"Ukivuka ukanikaribia, hesabu yangu inaanza upya," alisema. "Kaa huko huko."

Nikarudisha mguu. Nilikuwa nimebeba jambo langu bwenini kwa miezi mingi na nilitaka kulitua kabla halijaoza. Nikamwambia kwamba lile neno halikuwa asante. Nikamwambia maana yake.

Ama aliendelea kuchambua mboga. "Nilijua," alisema.

"Nani alikwambia?"

"Wewe. Hakuna mtu anayeshukuru kwa sauti ile."

Nikamuuliza kwa nini basi alilisema kila mahali. Alicheka, ule mcheko wake usio na sauti, mabega tu. Kwa majirani na kwa Mwalimu, alisema, alikuwa analizoeza ulimi. Wazee ndio aliowataka. "Wao wamesimama, mimi nimekaa chini. Ningewaambia nini? Mwanamke, mjane, na kwangu ndiko kulikofiwa. Walisema, msichana hatoki. Nikawaambia lile neno lako. Wakaitikia. Jumatatu nyingine, tena. Tluway anakohoa, mimi namwambia. Ukishamwambia mtu jambo mara nne, dasi, hata kama hajasikia, wewe umeshasikia. Ya tano nikamwambia kwa lugha yetu."

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba ni mimi niliyemfunga mtoto mgongoni kwako. Kwamba nilimwona anakwisha, nikakufunga naye ili nisiwe naye mimi. Basi hesabu ni yangu, si yako. Wakubali utoke, nami nikae na yako juu ya yangu."

Maji kidogo yalipita katika mfereji kati yetu. Nilikumbuka fundo lile la kanga. Nililikumbuka kwa vidole: juu ya bega la kulia, mara mbili, kama Mama alivyonifundisha.

"Ama, nilimfunga mwenyewe."

"Najua."

Nilisimama pale na sare yangu, na Kiingereza changu chote cha Alhamisi, na hakuna kidato kilichonifaa. Bibi yangu alikuwa amejivika kosa mbele ya bonde zima, na watu wangelikumbuka mpaka afe, na kweli walilikumbuka. Siku ya matanga yake nilimsikia mtu akilinong'ona. Na pale mferejini sikuruhusiwa hata kuvuka nimshike mkono. Nikafungua mdomo, na kilichotoka kilitoka kwa Kiiraqw, mara ya kwanza maishani mwangu kumwambia mkubwa jambo lile.

"Umekosea, Ama," nilisema. "Umekosea."

Hakukasirika. Aliinuka taratibu kwa kushika goti, akakung'uta majani ya mboga kutoka kwenye shuka lake, akanitazama kama siku ile ya loshoro.

"Yu me bi raiti," alisema, kidato cha juu kabisa.

Nilisubiri ile lakini. Hakuisema. Aligeuka akarudi nayo kibandani, kuutazama moto wake usije ukazimika.